Mwarobaini ulivyopiganiwa Munich

Mwezi Mei mwaka 2000, Mhindi mmoja mwenye kiwanda, Abhay Phadke, alifika katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya mjini Munich kueleza kazi ya miaka kumi na mitano nyuma. Mwaka 1985 na 1986, alisema, mafuta ya mwarobaini yalijaribiwa kwenye mashamba ya wilaya za Pune na Sangli, wakulima wakitazama.

Ubishi ulihusu hataza namba 0436257, ambayo kampuni ya W.R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipewa mwaka 1994. Kwa hataza hiyo, njia ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini ilikuwa mali yao peke yao katika nchi za Ulaya zilizohusika.

Msomaji wa Pwani haoneshwi mti huu. Umesimama uani, majani yake machungu huchemshwa kwa homa, na jina lake ni hesabu ya maradhi arobaini unayosemekana kuyatibu. Ukiponda kokwa zake na kuzikamua, hutoka mafuta yenye harufu nzito, kama ya kitunguu saumu. Hayachanganyiki na maji, kwa hiyo hutiwa sabuni kidogo, yakakorogwa mpaka maji yawe meupe, ndipo yanyunyizwe.

Chukua jani la boga lenye ubwiri unga. Utadhani mtu amepita akilinyunyizia unga wa ngano. Ukungu huo hukaa juu ya jani, na hapo ndipo mafuta yanapofanya kazi: yanalifunika jani, na vijimbegu vya ukungu vinashindwa kuota. Ni dawa ya kuwahi. Jani lililokwisha kukauka halirudi, na kwa kuwa jua huimaliza nguvu dawa, mkulima hana budi kurudia.

Wanasayansi wa Ulaya waliujia mti huu kwa njia ya wadudu. Mwaka 1959 huko Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wakifyeka mimea yote na kuuacha mwarobaini. Mwaka 1968 watafiti wa Uingereza wakaitenga azadiraktini, kemikali inayowafukuza wadudu hao. Habari ya ukungu ilifuata baadaye katika maabara. Kwa wakulima wa India haikuwa habari mpya.

Ndiyo maana mwaka 1995 Vandana Shiva wa India, mwanasiasa Magda Aelvoet wa Ubelgiji na shirikisho la kilimo hai, IFOAM, waliweka pingamizi. Ushahidi wa Phadke ulikuwa na uzito mkubwa, na mwezi huohuo wa Mei hataza ikafutwa. Wenye hataza walikata rufaa. Tarehe 8 Machi 2005 ikatupwa.

Nafurahia ushindi huo, lakini linaniuma jambo moja: mazoea ya vizazi yalihitaji mtu wa kutaja mwaka, wilaya na shamba. India ililiona hilo mapema. Kuanzia mwaka 2001 imekuwa ikiyakusanya maarifa ya tiba kutoka vitabu vya Kisanskriti, Kiarabu, Kiajemi, Kiurdu na Kitamili katika hazina moja ya kompyuta, na tangu 2009 wakaguzi wa Munich wanaweza kuipekua kabla ya kumpa mtu hataza. Wazee wetu wa Pwani, wanaojua ni kokwa ngapi kwa ndoo moja ya maji, bado wanayahifadhi yao kichwani.