Mstari Mwekundu wa Balaklava: Mapigano ya Dakika Chache, Picha ya Karne Nzima

Mchoro uitwao The Thin Red Line, yaani Mstari Mwembamba Mwekundu, ni kazi ya Mskoti Robert Gibb ya mwaka 1881. Unawaonyesha askari wa miguu wa Rejimenti ya 93, Sutherland Highlanders, wakiwakabili wapanda farasi wa Kirusi huko Balaklava, Krimea, tarehe 25 Oktoba 1854. Kila tarehe hiyo inapofika, warithi wa rejimenti hiyo huikumbuka Balaklava, na picha inayowajia watu kichwani ni hii ya Gibb. Mchoro huo umetundikwa katika Makumbusho ya Taifa ya Vita ndani ya Ngome ya Edinburgh, lakini mwenye mali si jeshi wala serikali. Ni mali ya Diageo, kampuni ya kutengeneza wiski na vileo vingine.

Anayeusogelea mchoro huo huyaona kwanza makoti mekundu, kisha kofia ndefu za manyoya meusi ya mbuni, kisha msitu wa singe zilizoelekezwa mbele. Warusi wamefika. Mpanda farasi mmoja ameshaanguka na farasi wake, hatua chache tu kutoka ncha za singe, na wenzake wako nyuma yake wanakuja. Ni picha ya watu wanaogusana na kifo. Kasoro yake ni moja, nayo si ndogo: siku hiyo farasi hawakufika hapo.

Rejimenti ya 93 iliundwa kuanzia mwaka 1799 katika ardhi ya ukoo wa Sutherland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Jenerali William Wemyss, ndugu wa Kauntesi wa Sutherland, aliwachagua vijana parokia kwa parokia miongoni mwa wapangaji wa ardhi hiyo, na baba mwenye mtoto wa kiume hakuwa na ubavu wa kumkatalia mwenye shamba. Haikuchukua muda mrefu, wenye ardhi hao hao wakaanza kuwaondoa wapangaji ili kupisha ufugaji wa kondoo. Bonde la Strathnaver, lililokuwa limetoa askari wengi, lilifagiliwa watu mwaka 1814 na tena 1819, na nyumba zikachomwa moto. Wakati vijana wakitumikia taji ng'ambo, kwao kulikuwa kukigeuzwa malisho. Jambo hilo halina mchoro wowote mashuhuri ukutani mwa rejimenti.

Vita vya kwanza vikubwa vya rejimenti havikuwa na mchoro wa kujivunia pia. Januari 1806 ilipigana Blaauwberg, Rasi ya Tumaini Jema, bila makuu. Tarehe 8 Januari 1815, huko New Orleans, ilisimamishwa mahali peupe mbele ya mizinga ya Wamarekani bila amri ya kusonga mbele wala kurudi nyuma. Zaidi ya watu 500 wake waliuawa, kujeruhiwa au kutekwa. Picha inayojulikana ya vita hivyo ilichorwa na Jean Hyacinthe de Laclotte, mhandisi aliyekuwa upande wa Wamarekani. Aliyeshindwa halipii turubai.

Ndipo ikaja Balaklava. Asubuhi ya siku hiyo Warusi waliteka ngome ndogo zilizokuwa zikilindwa na Waturuki, washirika wa Waingereza, kisha kundi la wapanda farasi wao, wapatao 400, likateremka kuelekea bandari iliyokuwa tegemeo la Waingereza kwa chakula na risasi. Aliyekuwa njiani ni Sir Colin Campbell akiwa na Rejimenti ya 93, wanaume 500 na ushei, pamoja na askari wagonjwa waliokuwa wamepona nusu, na Waturuki pembeni. Kanuni ya wakati ule ilitaka askari wa miguu wajipange mraba, au safu nne, wanapokabiliwa na farasi. Campbell aliwapanga safu mbili tu. Aliwaambia wazi kwamba hapo hakuna kurudi nyuma, kila mtu afe aliposimama.

Walichofanya hasa ni kufyatua risasi kwa mbali. Bunduki zao mpya aina ya Minié zilifika mbali kuliko zile za zamani. Walipiga mara mbili, wengine husema mara tatu, Warusi wakakata kushoto, wakageuka na kurudi walikotoka. Baadhi ya vijana walitaka kuwakimbilia na singe, na Campbell akawakemea kwa matusi wakae mahali pao. Jambo lote lilikwisha kwa dakika chache, na karibu hakuna Mskoti aliyedhurika.

Kutoka juu ya kilima, mwandishi wa gazeti la The Times la London, William Howard Russell, aliyaona yote kama anayetazama mchezo akiwa jukwaani. Katika taarifa yake iliyochapishwa Novemba 1854 aliwafananisha na mchirizi mwembamba mwekundu wenye ncha za chuma. Watu wakalifupisha neno lake likawa mstari mwembamba mwekundu, na mwaka 1890 mshairi Rudyard Kipling akaliweka katika shairi lake "Tommy". Hata leo wasemaji wa Kiingereza hulitumia kwa kikosi chochote kidogo kinachozuia wengi.

Kutoka kilimani, hata hivyo, mtu huona mstari, haoni nyuso. Aliyekuwa chini ni daktari wa rejimenti, William Munro, aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1883, na masimulizi yake yana mambo ambayo turubai liliyaacha. Moja ni la mke wa askari mmoja, mama mwenye mwili mkubwa na mikono ya kazi, aliyekuwa akifua nguo kando ya kijito nyuma ya safu. Waturuki waliotimuliwa kwenye ngome walipita mbio wakielekea bandarini, wakayakanyaga mafuo yake. Mama yule alishika fimbo akawacharaza, huku akiwashutumu kwa kuwaacha vijana wake peke yao. Baada ya hapo Waturuki wenyewe walimwita Kokana, jina la heshima kwao kwa mwanamke.

Kisa hicho kimependwa sana na wasimulizi wa Uskoti, na ni rahisi kuona sababu: kinachekesha, na kinawafanya Waturuki waoga. Haki inadai iongezwe kwamba Waturuki wale walikuwa wameshika ngome zao tangu alfajiri dhidi ya jeshi kubwa zaidi, na wengi walikufa hapo kabla Waskoti hawajafyatua risasi hata moja. Katika mchoro wa Gibb hawapo. Wagonjwa waliochukua bunduki nao hawapo. Wamebaki Waskoti peke yao, ingawa siku yenyewe hawakuwa peke yao.

Baada ya Krimea rejimenti ilipelekwa India. Tarehe 16 Novemba 1857, katika bustani yenye kuta ya Sikandar Bagh mjini Lucknow, ilishiriki mauaji ya Wahindi wapatao 2,000 waliokuwa wamewaasi Waingereza. Siku hiyo peke yake ilipata nishani 6 za Msalaba wa Victoria. Thomas Jones Barker alichora ukombozi wa Lucknow mwaka 1859, na kwake kitovu ni majenerali wakipeana mikono. Mpiga picha Felice Beato alifika mwaka 1858 na kamera yake, akaonyesha jengo lililotobolewa na mizinga na mifupa ya binadamu imetawanyika uani. Inasemekana mifupa hiyo ilifukuliwa makusudi kwa ajili ya picha. Hata kamera, basi, ilijifunza mapema kupanga ushahidi wake.

Robert Gibb alizaliwa Laurieston, karibu na Falkirk, tarehe 28 Oktoba 1845. Siku ya Balaklava alikuwa amebakiza siku 3 kutimiza miaka 9. Vita hakuviona. Alianza kuchora askari kwa picha yake Comrades ya mwaka 1878, ya askari wa Black Watch, rejimenti nyingine ya Waskoti, anayekufa kwenye theluji mikononi mwa wenzake. Soko lilikuwa tayari: tangu Elizabeth Thompson aonyeshe The Roll Call mwaka 1874, na Malkia Victoria kuichukua, picha za askari wa kawaida zilikuwa zikijaza kumbi. Gibb inasemekana alipata wazo la Balaklava akisoma historia ya Krimea ya Alexander Kinglake, na akaamua kuwasogeza Warusi hadi kwenye singe. Uamuzi huo haukuwa wa ujinga. Risasi za mbali hazichoreki kwa urahisi. Farasi anayeanguka miguuni mwa askari, kila mtu anamwelewa.

Mchoro ulionyeshwa Edinburgh katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme cha Uskoti mwaka 1881, mwaka uleule Rejimenti ya 93 ilipounganishwa na ya 91 kuwa Argyll and Sutherland Highlanders. Jina la kale likafutwa, sura yake ikabaki ukutani. Nakala zilichapishwa kwa wingi zikaenea majumbani. Gibb alichora Waskoti wengine, pamoja na Black Watch huko Alma, picha iliyopo Kelvingrove mjini Glasgow, lakini hakuna iliyoufikia mstari wake. Alikuwa mtunzaji wa Jumba la Taifa la Sanaa la Uskoti kuanzia 1895 hadi 1907, akafariki mwaka 1932.

Ya baadaye ni mafupi. Mwaka 1967 Argylls, chini ya Luteni Kanali Colin Mitchell, waliingia mtaa wa Crater mjini Aden na kuurudisha mikononi mwa Waingereza miezi michache kabla hawajaondoka. Serikali ilipotaka kuivunja rejimenti, zaidi ya watu milioni moja walitia saini kuipinga, na ikanusurika kwa kupunguzwa mwaka 1971 na kurudishwa 1972. Mwaka 2006 ikawa batalioni ya 5 ya Rejimenti ya Kifalme ya Uskoti, kisha ikabaki kampuni moja ya shughuli za gwaride, iliyopewa jina la Balaklava.

Makumbusho ya rejimenti yenyewe yapo katika Ngome ya Stirling, yakiwa yamefunguliwa upya mwaka 2021 baada ya ukarabati. Mchoro uliowapa umaarufu uko Edinburgh, kwa hisani ya wauza wiski.