Kabla Tuuze Nyumba ya Babu Buru

Wadau, Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha familia. Kuna mnunuzi anataka nyumba ya babu pale Buruburu, aibomoe ajenge fleti. Wajomba wawili wameshakubali. Mimi ni mjukuu, kura sina, nikanyamaza. Sasa wacha niongee.

Babu aliingia Nairobi kama karani, akapanga Kaloleni, mtaa wa halmashauri uliojengwa miaka ya 1940. Ulikuwa unalipa kodi mpaka unazeeka na nyumba haiwi yako. Na si bahati mbaya. Mkoloni alipanga huu mji kwa rangi ya ngozi. Muthaiga ya Wazungu, Parklands ya Wahindi, na Mwafrika akasukumwa Eastlands, akihesabiwa kama mfanyakazi ambaye kazi ikiisha atarudi ushago. Waliojijengea wenyewe kijiji cha Pangani walibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Yaani kujenga uliruhusiwa, lakini ardhi haikuwa yako.

Ndiyo maana Buru ilikuwa kitu kikubwa. Mwaka 1965 serikali na shirika la Uingereza, Commonwealth Development Corporation, zilianzisha kampuni ya kukopesha watu pesa za nyumba. Miaka ya 1970 Buru ikaanza kujengwa, fezi baada ya fezi hadi zikawa tano. Tusidanganyane, haikuwa ya kila mtu. Bila mshahara wa kila mwezi hukupata mkopo, kwa hivyo mama mboga aliyelisha hao makarani alibaki kupanga. Lakini babu alipata. Aliingia 1978, akalipa miaka kumi na mitano.

Mimi nililelewa kwenye koti, zile nyumba zinazozunguka uwanja mmoja. Ukikosea kwa nyumba ya nne, habari inafika kwa nyanya kabla yako. Leo nusu ya hizo bustani za mbele zimekuwa vyumba vya kupangisha na duka. Mabomba ya maji taka yaliwekwa kwa familia moja kila nyumba, sasa ziko nne, na mvua ikinyesha unajua yanayotokea. Sisi pia tulijenga mbele, siwezi kunyooshea mtu kidole.

Kinachoniuma ni hiki: hati bado ina jina la babu, na babu alituacha zamani. Kesi ya urithi hatujawahi kupeleka kortini. Mjomba ataweka sahihi kama nani? Na mnunuzi anayeharakisha kutoa pesa ya kwanza kabla ya hilo kuisha, anajua kitu ambacho sisi hatujui, ama hajui chochote. Zote mbili zinaniogopesha. Mama na nyanya wanaishi humo.

Jana nyanya alinipa mkebe wa biskuti umejaa risiti za mkopo, zimepangwa mwezi kwa mwezi. Ya mwisho ni ya 1993. Kikao kingine ni Jumapili hii, na huo mkebe nakuja nao.