Kabla Hujachomeka Kijiti cha Bitcoin, Soma Ampea za Habu Yako

Mpwa wangu alinijia baada ya Isha na vitu amevifunga kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba dhahabu. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vya kuchimba bitcoin alivyoletewa na nduguye kutoka Ghuba, pamoja na habu ya USB ya matundu saba aliyoinunua dukani mjini. Adapta ya habu ilikuwa imegeuka rangi ya chai upande mmoja, na tundu mojawapo limenywea.

"Mjomba, mwenye duka aliniambia hii ina umeme wake, haisumbui."

Ni kweli ilikuwa na umeme wake. Nyuma ya adapta pameandikwa volti 5, ampea 2. Kijiti kimoja tu kati ya vile viwili, kikikazwa kidogo, kinataka zaidi ya hizo. Kijana alikuwa amekiacha kifaa kikiwaka usiku kucha juu ya godoro, nyumba ya ghorofa mbili, watoto wamelala chumba cha pili. Mali iliyoharibika ni ndogo. Nilichokiogopa mimi ni lile godoro.

Tangu siku ile nimeulizwa suala hilihili na watu wengine, kwa hivyo naliandika mara moja, mwenye haja alihifadhi.

Tuanze na kijiti chenyewe. Kwa sura ni kama fleshi iliyonenepa, lakini kazi yake ni nyingine kabisa. Ndani yake mna chipu inayofanya hesabu moja tu, SHA-256, mamilioni hadi mabilioni ya mara kwa sekunde, ikitafuta nambari itakayoupa mtandao wa bitcoin ukurasa mpya wa daftari lake. Data inayopita kwenye waya ni chache mno. Kinachohitajika ni umeme, na umeme ule wote huishia kuwa joto.

Mwaka 2013 kilipotoka kijiti kilichovuma cha Block Erupter, mambo yalikuwa mepesi. Kilikula wati 2.5, yaani nusu ampea kwa volti 5, na hicho ndicho kipimo hasa ambacho tundu la kawaida la USB 2.0 limewekewa. Ungeweza kukichomeka kwenye kompyuta yoyote. Vijiti vya GekkoScience vilivyofuata ni habari nyingine. NewPac ina chipu mbili, na Compac F ina chipu moja ya BM1397, jamii ya zile zilizomo kwenye mashine kubwa za Antminer S17. Hivi vikifanya kazi yake sawasawa hupita ampea 2 kwa kijiti kimoja. Tundu la USB 2.0 limepangiwa ampea 0.5, na la USB 3.0 ampea 0.9. Hapo unaona kwa nini laptopu ya mtu hufa tundu, na kwa nini habu isiyokuwa na adapta yake haifai hata kwa majaribio.

Basi usichague habu kwa idadi ya matundu wala kwa kasi. Yale maandishi ya USB 3.0 yaliyopakwa rangi ya buluu hayakupi faida hata ya senti, kwani kijiti hakina data ya kukimbiza. Fanya hesabu ya umeme kwanza, tena uifanye kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani.

Chukua ampea za kijiti kimoja, zidisha kwa idadi ya vijiti, kisha ongeza robo. Mwenye vijiti vitatu vya ampea 2.4 anahitaji ampea 7.2, na akiongeza robo anafika 9. Kwa volti 5 hizo ni wati 45. Robo ile si anasa. Adapta inayosukumwa hadi mwisho wa uwezo wake saa 24, kwenye joto letu la Februari, haiishi muda mrefu, na nyingi haziufikii ule uwezo ulioandikwa.

Sasa pindua adapta usome mstari wa OUTPUT. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu habu nzuri nyingi hazitumii adapta ya volti 5. Zinatumia ya volti 12, na habu yenyewe inazishusha ndani. Usilinganishe ampea za volti 12 na ampea za volti 5, linganisha wati. Adapta ya volti 12 na ampea 3 ina wati 36. Toa sehemu ya kumi na kidogo inayopotea katika kushusha, zinabaki kama wati 31, yaani ampea 6 na kidogo kwenye matundu yote kwa pamoja. Inatosha vijiti viwili vya ampea 2.4 na nafasi ya kupumua. Cha tatu hakitoshi, hata kama matundu matano yanakutazama yakiwa matupu.

Jumla ikitosha, bado kuna suala la kila tundu peke yake. Habu inaweza kuwa na wati 60 na bado kila tundu limefungiwa ampea 0.9. Muuzaji mwaminifu atakuonyesha kwenye karatasi ya kifaa kiwango cha tundu moja. Asiyekuwa nacho, mwache. Tena tahadhari na matundu ya kuchajia. Habu nyingi huweka tundu moja au mawili ya ampea 2.4 pembeni, yenye alama ya umeme, nawe ukafurahi. Baadhi yake hayapitishi data kabisa. Ukichomeka kijiti hapo taa itawaka, feni itazunguka, lakini kompyuta haitakiona. Vilevile zile chaja za simu za matundu sita si habu, hata kama mwenye duka atakuapia.

Ulizia pia kinga. Habu bora ina kinga ya kila tundu, hivyo kijiti kimoja kikileta shoti kinakatwa peke yake. Zile za rahisi zina kinga moja kwa wote, au hazina kabisa, na hiyo ya mpwa wangu nilipoifungua ilikuwa haina. Matundu yote yameungwa moja kwa moja kwenye adapta, waya mwembamba kama uzi wa kushonea kofia.

Kuna ubaya mwingine usioonekana: umeme kurudi nyuma. Habu zilizotengenezwa vibaya hupeleka volti za adapta hadi kwenye kompyuta kupitia ule waya wa data. Kuupima ni rahisi. Zima kompyuta yako, au ile Raspberry Pi ambayo wengi huitumia kuendeshea vijiti, na uchomoe waya wake wa umeme. Kisha washa adapta ya habu huku waya wa data umeungwa. Taa ya Pi ikiwaka, habu hiyo irudishe ulikoinunua. Inaweza kukuharibia kifaa cha bei kubwa kuliko habu na kijiti pamoja.

Kifaa kimoja kidogo kitakachokusaidia kuliko maneno yangu yote ni kipima cha USB, kile chenye kioo kinachoonyesha volti na ampea. Kiweke kati ya habu na kijiti wakati kijiti kinachimba, si kabla, maana habu yoyote itaonyesha volti 5 ikiwa haina mzigo. Ikiteremka chini ya volti 4.75, adapta imechoka, au waya ni mwembamba, au mgusano wa tundu ni mbovu. Ikiwa umetumia waya wa kurefushia, utoe. Ikibidi uwepo, uwe mfupi na mnene. Na dalili ya volti kushuka unaijua hata bila ya kipima: kwenye programu ya cgminer makosa ya kifaa yanapanda, kijiti kinapotea, kinarudi, kinapotea tena. Watu hukilaumu kijiti, wengine wakakiuza kwa hasara, na kosa ni la habu. Kabla ya kununua habu nyingine, jaribu kupunguza kasi ya chipu kwenye programu uone kama kitatulia. Kikitulia, umekwisha kuujua ugonjwa.

Nafasi baina ya matundu nayo itazame. Vijiti hivi vina mbavu za alumini na baadhi vina feni, ni vinene, na kimoja huweza kufunika matundu mawili. Habu ya matundu saba yaliyobanana itachukua vijiti vitatu, na hata hivyo kila kimoja kitampumulia mwenziwe joto. Afadhali habu ndefu yenye matundu yaliyoachana, isimamishwe, na feni ndogo ipulize kutoka ubavuni.

Haya ya sasa ni yetu sisi watu wa pwani, hayaandikwi kwenye karatasi za kifaa. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na madini ya ndani ya matundu ya USB hushika kutu ya kijani upesi, hasa nyumba zinazotazama maji. Kutu ni ukinzani, na ukinzani kwenye ampea 2 ni joto palepale kwenye plastiki. Kila mwezi zima vyote, chomoa, tazama kwa tochi, futa kwa spiriti safi ya kusafishia vifaa na uache ikauke. Tundu lililogeuka rangi usilitumie tena, lizibe kwa tepu.

Kifaa kiweke juu ya kigae au bati. Si juu ya mkeka, si juu ya godoro, si nyuma ya pazia. Nyumba nyingi za mitaa ya kale zina waya za ukutani zenye umri kuliko wenye nyumba, na soketi moja inabeba friji, pasi na ekstensheni ya matundu manne. Mzigo wa wati 45 si mkubwa, lakini ni wa mchana na usiku bila kupumzika, na plagi iliyolegea itachemka. Iguse kwa mkono baada ya saa moja. Stima ikikatika, chomoa adapta. Ikirudi, subiri dakika chache, au tumia kile kifaa cha kulindia friji, kinafaa pia kwa hili. Adapta yenyewe itafute yenye stika ya KEBS, na ukibadilisha adapta hakikisha volti ni zilezile na kipini kina chanya upande uleule. Volti 12 kwenye habu ya volti 5 huua kila kilichochomekwa kwa pigo moja.

Mwenye Bitaxe, kile kifaa kidogo chenye kioo kinachotumia Wi-Fi, haya ya habu hayakuhusu. Ina mdomo wake wa umeme wa volti 5 na inahitaji adapta yake, kwani toleo la Gamma hula wati 17 au 18. Tundu lake la USB-C ni la kuwekea programu tu. Nimewahi kumuona mtu akilichomeka kwenye habu na kushangaa.

Nimeandika yote haya bila ya kugusa faida, nayo ndiyo iliyomfanya mpwa wangu asilale. Tupige hesabu. Chukua kijiti kimoja cha GH/s 300. Mwaka 2024 mtandao mzima wa bitcoin ulipita EH/s 600, na mwaka 2025 ukazidi kukua. Kwa hesabu ya 600, kijiti chako ni sehemu moja kati ya bilioni 2. Tangu Aprili 2024 zawadi ya kila ukurasa ni bitcoin 3.125, na kurasa ni kama 144 kwa siku, basi jumla ni bitcoin 450. Fungu lako ukichimba kwa ushirika ni satoshi 22 hivi kwa siku. Bitcoin ikiwa dola 100,000 na dola shilingi 130, hizo ni shilingi 3. Kijiti, habu na Pi pamoja vikila wati 20, kwa siku ni karibu nusu uniti. Uniti ukiihesabu shilingi 28, umelipa shilingi 13. Kila siku unatoa 13 kupokea 3, na bei ya kifaa bado hujaigusa. Ukichimba peke yako ukingojea ukurasa mzima, wastani wa kungoja ni miaka 38,000.

Ndiyo sababu yule anayekuuzia kijiti na habu kama "mradi" wa kipato humwambii ahsante. Benki Kuu ya Kenya ilionya tangu Desemba 2015 kwamba sarafu hizi si fedha halali. Upande wa dini, wanazuoni wamekhitilafiana: Mufti wa Misri alitoa fatwa ya kuharamisha bitcoin Januari 2018, na baraza la maulamaa la Indonesia lilikataa sarafu hizi zitumike kama fedha mwaka 2021, huku wengine wakizipa nafasi kwa masharti. Mimi si mufti. Lakini huku kungojea ukurasa mzima kwa kijiti kimoja, wengi wenyewe hukuita bahati nasibu, na mwenye shaka amuulize shekhe wake kabla ya kumuuliza muuzaji.

Mpwa wangu alikisikiliza hiki chote, akakuna kichwa, akasema bado anataka kujifunza vile kinavyofanya kazi. Hilo sikumkataza. Umeme, chipu, Linux ya kwenye Pi, haya ni maarifa ya kazi. Kijiti kimoja tumekibakisha, cha pili amekiuza. Tumepata habu ya volti 12 yenye kinga ya kila tundu, tumeipima, tundu linashika volti 4.96 kijiti kikiwa kazini. Imekaa juu ya kigae, dirishani, na hulala imezimwa.