Bwana wa Kazi ni Nani?

Kwetu Koni, penye mto Lufira, kazi na umeme haviachani. Kituo cha Mwadingusha, huko juu ya mto, kilianza mwaka 1930. Cha Koni kilifuata mwaka 1950, ili mitambo ya Union Minière ipate nguvu. Lakini leo, wasomaji wapenzi, hatusimulii habari za mitambo. Twauliza swali la zamani la Katanga: mtu wa kazi, bwana wake ni nani hasa?

Swali hilo lilianza mapema. Mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kutafutia migodi watu wa kazi. Wajumbe wake walizunguka vijijini, wakapatana na machifu, wakaleta vijana. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, kwa mkono wa kampuni ya Robert Williams. Basi kijana aliandikwa na mmoja, akatumikishwa na mwingine. Akiugua, au posho ikipungua, amwendee yupi? Sheria ya tarehe 16 Machi 1922 iliweka mkataba kati ya mwenyeji na bwana wake, usiozidi miaka mitatu. Hatuwezi kuisifu sana, maana mtumishi aliyevunja mkataba aliweza kutiwa gerezani. Walakini ilimtaja bwana.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1961 serikali ilianzisha mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ule uitwao sasa CNSS, kwa ajili ya uzee na ajali za kazini. Tarehe 9 Agosti 1967 ikatoka Sheria kuu ya Kazi, na tarehe 16 Oktoba 2002 ikatoka nyingine mahali pake. Hiyo ya 2002 yasema kwamba mfanyakazi ni mtu aliyejitoa kufanya kazi kwa malipo, chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Yapimeni maneno hayo, ndugu. Sheria haiulizi kwanza karatasi imekuitaje. Yauliza ni nani akuamuruye.

Hapo ndipo penye ugomvi wa siku hizi. Mtu huandikiwa karatasi kwamba ni fundi wa kujitegemea, au kibarua tu wa siku. Lakini asubuhi aja kwa saa aliyopangiwa, kapita amwonyesha kazi, nyundo na kofia ni za kampuni, wala hawezi kumtuma nduguye mahali pake. Huyo ajitegemea kwa nini? Kwa njaa, labda! Na kwa kuwa jina lake halipelekwi CNSS, siku akivunjika mguu hana pa kudai. (Habari ya wachimbaji wa mikono twaiacha, ni ndefu, tena ina sheria zake.)

Sheria ya 2002 ina ngao mbili ambazo watu wengi hawazijui. Ya kwanza ni ya vibarua. Aliyekwisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, akiandikwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake mpya wahesabiwa kuwa hauna kikomo. Ndiyo sababu wako mabwana wanaohesabu siku kwa uangalifu kuliko mtawa ahesabuye rozari, wakamfukuza mtu kabla ya ile ya 22. Ngao ya pili: pasipo mkataba wa maandishi, mfanyakazi aruhusiwa kuuthibitisha kwa njia yoyote ya haki, na mkataba wenyewe wadhaniwa hauna kikomo mpaka itolewe hoja ya kuupinga.

Mwaka 2006 Shirika la Kazi la Dunia, huko Geneva, lilitoa pendekezo namba 198, likisema vivyo hivyo: yatazamwe mambo yanavyotendeka, si jina lililoandikwa. Na kabla yake, mwaka 1981, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II katika barua yake Laborem Exercens alifundisha kwamba yuko mwajiri wa karibu, na wako pia waajiri wa mbali, ambao mipango yao huamua mshahara na hali ya kazi. Wazee walioletwa na wajumbe wa 1910 wangalielewa upesi.

Anayedai haki hii haanzi mahakamani. Huanza kwa Inspekta wa Kazi, ambaye hujaribu kuwapatanisha. Wasipopatana ndipo shauri huenda kwenye mahakama ya kazi. Inspekta ataomba ushahidi: kipande cha malipo, kadi ya kuingilia langoni, daftari ya kapita, majina ya wenzake wa zamu. Vitu hivyo hupotea upesi, hasa nyumba ikivuja.