Kumtafuta Babu Katika Madaftari

Tuseme, msomaji, kwamba kwenu ni Mukurweini, upande wa kusini wa Nyeri, kwenye ile migongo mirefu yenye mibuni inayoteremka mpaka mitoni. Umesikia habari za babu wa baba yako. Wazee wakuambia kwamba alizaliwa wakati wa njaa kuu, akachukuliwa kwenda vita vya Mjerumani, akarudi na kifua kibovu, akaoa wake wawili, akafa karibu na Uhuru. Habari hizo si haba. Lakini mwenye kutaka kuandika historia hutaka pia mwaka, na mahali, na jina lililoandikwa na mtu aliyemwona. Haya, na tufuatane tumtafute.

Bila shaka wazo lako la kwanza ni hesabu ya watu, ambayo siku hizi twaiita sensa. Hapo utavunjika moyo mapema. Hesabu za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu Wazungu, Wahindi, Waarabu na wageni wengine. Waafrika walikisiwa tu, kwa kutazama kodi. Hesabu ya kwanza iliyowajumlisha Waafrika wote wa Kenya ilifanywa mwezi wa Agosti 1948, ikapata watu kama milioni tano na laki nne katika nchi nzima. Babu yako alikuwa mmoja wao. Lakini yaliyochapishwa ni jumla: wilaya fulani, kabila fulani, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa. Umri nao uliandikwa kwa mafungu mapana, maana ni wachache waliojua mwaka wao wa kuzaliwa. Huko Uingereza karatasi zenyewe hufunguliwa baada ya miaka 100, na zile za 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Marekani hungoja miaka 72, nazo za 1950 zilifunguliwa Aprili mwaka huo huo wa 2022. Mjukuu wa mchimba makaa wa Wales aweza kusoma jina la babu yake, kazi yake, hata idadi ya vyumba vya nyumba yake. Wewe huna karatasi ya namna hiyo, basi itakubidi kupita njia nyingine.

Njia moja ni kodi. Boma la Nyeri lilijengwa mwishoni mwa 1902, na kodi ya nyumba, iliyowekwa kwa sheria ya 1901, ikaja nyuma ya bunduki. Kila nyumba ilitozwa. Na kwa kuwa kwa desturi ya Wakikuyu kila mke ana nyumba yake, mume wa wake wawili alilipia nyumba mbili. Litie jambo hili moyoni, maana tutalirudia: katika daftari la karani mume ana jina, lakini mke ni nyumba.

Kisha kuna vita. Mwaka 1917 Serikali ilikusanya vijana kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi katika nchi ya Tanganyika, na mtaa wa Kariokor huko Nairobi umechukua jina lake kutokana na jeshi hilo la wachukuzi. Waliokufa, hata kwa hesabu ya Serikali yenyewe, walipita 40,000. Wengi waliuawa na kuhara na homa kuliko risasi. Sanamu yao iko Nairobi mpaka leo, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina yao, na huenda wengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Tena iko habari ya mishahara. Fedha nyingi za marehemu zilibaki bila kulipwa, kwa kuwa jina na kijiji vilivyoandikwa havikutosha kuwapata wenyewe. Makosa ya kalamu yaligeuka kuwa deni, na deni hilo halikulipwa.

Ikiwa babu yako alirudi, alikutana na kipande. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, na kila mwanamume Mwafrika aliyekwisha kuwa mtu mzima alipaswa kukichukua: jina, baba, chifu, alama za vidole, na kwa kila kazi tarehe ya kuanza, mshahara, na tarehe ya kuachishwa. Kiliwekwa katika kijaluba cha bati kilichotundikwa shingoni, watu wakakifananisha na kengele ya mbuzi. Wengi walikitupa kwa furaha kilipoondolewa baada ya Vita vya Pili, na ni nani awezaye kuwalaumu? Lakini ukikipata kimoja ndani ya sanduku la bibi, usikitupe. Aibu ile ndiyo habari kamili kuliko zote za maisha ya mtu wa kazi.

Uangalie sana tahajia. Mskoti wa Tumutumu na Mtaliano wa Konsolata hawakuandika kwa namna moja. Mtaliano alipenda kuweka gh mbele ya sauti ambayo wengine waliiandikia g peke yake. Ng'ang'a huwa Nganga, Macharia huwa Macaria. Mtu mmoja aweza kuonekana kuwa watatu. Daftari la ubatizo, hata hivyo, lina fadhila moja kubwa: mara nyingi humtaja mama.

Ukiwa Nairobi, ingia katika nyumba ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, iliyokuwa zamani Benki ya India. Humo mna ripoti za mwaka za wilaya ya Nyeri, na pia ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya 1932 hadi 1934, ambamo wazee wa Kikuyu walieleza mbari zao na mipaka yao. Usitarajie kukuta kila kitu. Faili nyingine zilichomwa Waingereza walipokuwa wakiondoka, na nyingine zikapelekwa Uingereza zikafichwa, mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ilipozifichua 2011.

Baada ya 1954, watu walipokuwa wamefungiwa vijijini kwa amri ya Hali ya Hatari, vishamba vyao vilikusanywa na kupimwa upya, kisha vikaandikishwa. Hapo ndipo jina la babu yako laonekana wazi: namba ya shamba, eka, jina. Huenda jina hilo limo mpaka leo, miaka sitini baada ya kufa kwake, kwa kuwa wanawe hawakugawana. Ndiyo sababu Gazeti la Serikali hujaa matangazo ya mirathi ya watu waliokufa zamani, na kila tangazo humtaja marehemu na anayeomba kusimamia mali yake.

Mahakamani swali la kwanza huwa: marehemu alikuwa na nyumba ngapi, na nani ni wa nyumba ipi? Wale wake wawili ambao karani hakuwaandika sasa wanatafutwa na kila mtu, maana shamba la kahawa lawategemea. Lakini desturi yetu ya kupa majina imewahifadhi. Binti wa kwanza wa kila mwana huitwa jina la mama wa mwana huyo. Basi chukua wana wote wa mzee, andika karibu na kila mmoja jina la binti yake wa kwanza, kama lilivyo katika daftari la ubatizo. Tuseme watatu wana Wangeci, na wawili wana Nyambura. Hizo ndizo nyumba mbili za daftari la kodi, na wenyewe ni hao. Ichukue orodha yako, uende nayo kwa bibi aliye mzee kuliko wote katika ukoo, umsomee polepole, usikie atakaposema kwamba umekosea.