HISTORIA YETU, SEHEMU YA 3: BINTI ALIYEPEWA JINA LA MJI

Nesi wenu wa Mzinga nimetoka zamu ya usiku, kaeni tuendelee.

Tukisikia ukoo wa kitawala, akili inakimbilia Ulaya. Kule Austria mwaka 1740 mfalme wa ukoo wa Habsburg alifariki bila mtoto wa kiume. Binti yake, Maria Theresa, akashika urithi. Majirani wakakataa, vita ikapiganwa mpaka 1748.

Sasa rudi hapa Morogoro. Karne iliyofuata alikuwepo Kisabengo, mtu aliyetoka familia ya kawaida kabisa. Alikusanya watumwa waliotoroka mabwana zao, akawapa pa kujificha, wakawa jeshi lake. Tusimpambe lakini: jeshi hilo liliwavamia Wakami na Wadoe, na wapo waliolia kwa ajili yake. Akajenga mji wa Simbamwene chini ya Uluguru, ukuta wa mawe, mnara kila kona, milango ya mbao za kuchonga.

Alipokaribia kufa alitaka binti yake mkubwa atawale, akampa na jina la mji: Simbamwene. Jamani, mwanamke!

Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikadiria mji una watu 3,000 hadi 5,000. Simbamwene akamdai hongo, maana njia ni yake. Stanley akagoma. Baadaye askari wake watatu wakajikuta wamefungwa minyororo mle mjini! Mwaka uliofuata mafuriko yakabomoa ukuta na kusomba nyumba. Baada ya mama huyo alikuja Kingo, ndiye Wajerumani waliyemkuta. Uchifu wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1963.

Kilichobaki ni nini? Mimi naandika "Kata: Kingo" kwenye kadi za kliniki kila wiki. Jina la mwanaume lipo kwenye fomu zetu. La mama aliyeshika mji katikati ya baba na Kingo, wangapi mnalijua? Na wale watumwa waliotoroka, ambao bila wao usingekuwepo mji wala ukoo, hata jina moja hatuna.

Ndiyo maana nawaomba: ukiwa na bibi au babu nyumbani, muulize leo, rekodi kwenye simu. Sisi manesi tunajua, "nitamuuliza wiki ijayo" mara nyingi haifiki.

Sehemu ya 4 tunapanda mlimani kwa Kingalu, mwenye mvua. Ulikuwa unamjua Simbamwene? Niambie hapo chini.