Sandik kutoka angani

Mvua za El Niño za mwaka 1997 ziliifurisha wilaya ya Garissa nchini Kenya, kisha zikaiachia msiba. Desemba mwaka huo, wilaya hiyo iliripoti vifo 170 vya watu waliougua homa na kuvuja damu. Kwenye mazizi, kondoo na mbuzi walikuwa wakitupa mimba mmoja baada ya mwingine. Sampuli za damu zilipelekwa kupimwa Afrika Kusini na Marekani, na jibu likarudi: homa ya Bonde la Ufa. Baadaye watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa Garissa peke yake.

Ugonjwa huu Kenya inaujua tangu 1931, watafiti Daubney, Hudson na Garnham walipoueleza kutokana na kondoo wa karibu na Ziwa Naivasha. Wafugaji wa Kisomali wana jina lao, sandik, yaani pua itokayo damu. Kwa binadamu wengi ni homa ya siku chache tu, lakini kuna wanaovuja damu, wanaopofuka, na wale ambao virusi huwapanda hadi ubongoni.

Kati ya mlipuko mmoja na mwingine hupita miaka mingi. Virusi hujificha wapi muda wote huo? Mwaka 1985 watafiti Kenneth Linthicum, Glyn Davies na wenzao walipata jibu Kenya hii hii: kwenye mayai ya mbu wa jamii ya Aedes. Mbu hutaga kwenye udongo wa mabonde madogo, mayai yakakaa makavu hata miaka, na maji yakituama juu yake, mbu huanguliwa wakiwa tayari na virusi.

Basi anayetaka kumwona mbu huyo kutoka mbali hana haja ya kumtafuta mbu, atafute majani yanayoota kwa mvua ile ile. Setilaiti za hali ya hewa zinapima ukijani wa nchi, na nyika ya Garissa, iliyozoea rangi ya vumbi, ikigeuka kijani kupita kawaida, picha husema. Linthicum alichapisha wazo hilo 1987. Kufikia 1999, yeye na wenzake walikuwa wameongeza vipimo vya joto la Bahari ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi, wakaonyesha kwamba mlipuko ungeweza kutabiriwa hadi miezi 5 kabla.

Mtihani ulikuja 2006. Assaf Anyamba wa NASA, shirika la anga la Marekani, na kikundi chake waliona bahari ikipata joto na nyika ikigeuka kijani, na mwezi Novemba FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, likatoa tahadhari. Utabiri ulitimia. Desemba, maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, jijini Nairobi ilithibitisha virusi katika damu ya wagonjwa wa Garissa, safari hii bila kungoja jibu la ng'ambo. Lakini mafuriko yalikuwa yamekata barabara, na chanjo ya mifugo ilianza Januari. Uchinjaji ulipigwa marufuku, na soko la mifugo la Garissa, miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki, likafungwa. Hadi katikati ya Machi 2007 Kenya ilikuwa imeandikisha wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa.

Watafiti waliporudi kuzungumza na wafugaji, walikuta kalenda iliyopangika: mvua kubwa, wiki kadhaa baadaye makundi ya mbu, kisha wanyama wagonjwa, na wiki mbili na ushei baada ya mnyama wa kwanza kuugua, mtu wa kwanza. Huduma ya mifugo, kwa hesabu ya wafugaji hao, ilikuwa ikifika takriban miezi miwili baada ya mnyama huyo.